Darasa zima limeandika "chuo kikuu"

Maalim,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa kike, nasomesha Jiografia katika skuli moja ya Mkoa wa Kaskazini Pemba. Mwaka huu nimepewa darasa la Kidato cha Sita, na juu yake mwalimu mkuu kanikabidhi kazi ya ushauri nasaha, kwa kuwa aliyekuwa akiifanya kahamishiwa Unguja. Mafunzo ya kazi hiyo sikupata. Nilichopewa ni ufunguo wa chumba na daftari ambalo halijaandikwa kitu.

Wiki iliyopita niligawa karatasi kwa vijana wangu 41, nikamtaka kila mmoja aandike atafanya nini baada ya mtihani wa Mei. Vijana 36 wameandika "chuo kikuu", basi. Nilipouliza chuo gani, fani gani, kwa pesa za nani, wakabaki kutazamana. Watatu wameandika "biashara". Msichana mmoja kaandika "naolewa". Na mvulana mmoja kanirudishia karatasi tupu. Nilipomwita pembeni akanijibu, "Mwalimu, Mungu akijaalia."

Wanaoninyima usingizi ni wale waliomaliza mwaka jana, maana nakutana nao njiani. Kuna kijana alipata Daraja la Tatu, nyumbani wakapika pilau na kuwagawia majirani halua. Akaomba shahada vyuo vitatu, vyote vikamkataa, na mpaka leo baba yake anaamini kuna mkono wa mtu. Mwenziwe wa dawati moja alipata Daraja la Tatu hilo hilo, tena kwa pointi 15 kama zake, naye yuko Unguja anasoma shahada. Wazazi wameniuliza, sikuwa na la kuwajibu. Kuna na msichana aliyefaulu vizuri, chuo akapata, mkopo akaukosa kwa sababu jina la kwenye cheti cha kuzaliwa si lile lililo kwenye vyeti vya mtihani. Kakaa nyumbani mwaka mzima akisubiri.

Sasa nina msichana mwengine, anasoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Bailojia, ndiye anayeongoza darasa. Anataka udaktari. Baba yake kaniambia kwa heshima kabisa kwamba mtoto wake havuki bahari kwenda Dar es Salaam, "akitaka kusoma asome karibu". Na mwalimu mwenzangu, mtu mzima ninayemheshimu, ananiambia najitwisha mzigo usio wangu. Anasema kazi yangu ni kumaliza silabasi, hayo mengine ya wazazi. Nikienda kwa wazazi nao wananiambia, "Mwalimu, nyinyi ndio mnaojua."

Maalim, nianzie wapi? Mei iko karibu, na mimi nina chumba, daftari na vijana 41.

Mwalimu wa Darasa, Kaskazini Pemba

*

Wa alaykumu salaam, mwalimu mwenzangu.

Kwanza nikutoe wasiwasi juu ya hao 36. Si wavivu wala si wajinga. Wameandika jibu moja walilofundishwa tokea darasa la kwanza, kwamba mtu akifaulu anaendelea mbele na akifeli anabaki nyumbani. Hakuna aliyewahi kuwauliza mbele ni wapi. Wewe umewauliza, na hiyo karatasi uliyowapa ndiyo kurasa za mwanzo za lile daftari tupu. Ihifadhi.

Ninalotaka kukuambia ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Kijana asiingie kwenye chumba cha mtihani kabla hajajua atafanya nini matokeo yakiwa mazuri, atafanya nini yakiwa ya kati, na atafanya nini yakiwa mabaya. Na mzazi wake ayajue hayo matatu pia. Tumezoea kusubiri matokeo ya Julai ndipo tuanze kufikiri, na Julai wewe huwapati tena. Mmoja yuko dago la karafuu, kambini kwa wachumaji, mwengine kaenda kwa shangazi yake Unguja, mwengine anafua mashuka katika hoteli ya Nungwi, na simu aliyokupa namba yake ilikuwa ya kaka yake. Wakati wako ni huu wa sasa, wakiwa bado wanakaa mbele yako kila asubuhi.

Anza na kile kisa cha vijana wawili wenye pointi 15, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinapoumia bila ya kujua sababu. Hakuna mkono wa mtu. Kuna hesabu mbili tofauti, na wanafunzi wetu wanafundishwa moja tu.

Baraza la Mitihani la Tanzania likipanga madaraja, pointi chache ndizo nzuri. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinajumlishwa za masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo anaousoma mwanafunzi. Daraja la Kwanza linaishia pointi 9, la Pili ni 10 mpaka 12, la Tatu ni 13 mpaka 17. Vyuo vikuu, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, vinahesabu kwa kugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni masomo mawili yenye alama kati ya A na E, yale wanafunzi wanayoyaita "prinsipo", na jumla ya hayo mawili isipungue pointi 4. S haimo katika prinsipo.

Sijayaona matokeo ya vijana wako, lakini tazama inavyoweza kutokea. Mmoja ana C, E na F. Kwa Baraza ni 3 na 5 na 7, jumla 15. Mwenziwe ana D, E na S, yaani 4 na 5 na 6, jumla 15. Daraja moja, pointi sawasawa. Chuoni wa kwanza anahesabiwa 3 na 1, zikawa 4, kafika. Wa pili anahesabiwa 2 na 1, zikawa 3, hakufika. Na aliyekataliwa ndiye asiye na F hata moja! Mzazi akiona karatasi mbili namna hiyo bila ya kuelezwa, ana haki ya kushangaa. Mwite yule baba, mkae naye na karatasi na kalamu, mumwoneshe. Atalala vizuri zaidi, na pengine ataacha kumtazama jirani kwa jicho baya.

Kisha darasani, chukua matokeo ya mtihani wa majaribio na kila mwanafunzi apige hesabu zake mwenyewe, kwa njia zote mbili. Hiki kipindi kimoja kitafanya kazi kuliko hotuba zote za siku ya mahafali. Waeleze pia kwamba zile pointi 4 ni za kuvuka kizingiti tu. Kila fani ina masomo inayoyataka, na fani zinazogombewa huchukua wenye alama za juu kwanza. Mwenye kutaka udaktari anatakiwa awe na Fizikia, Kemia na Bailojia, zote tatu, na awe amefaulu vizuri hasa. Tume hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye sifa za kila fani ya kila chuo, kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Kipakue, wachapishie kurasa zinazohusu tahasusi zilizopo skulini kwako, zibandikwe ukutani katika hicho chumba ulichopewa ufunguo wake.

Sasa wale ambao hesabu yao itagonga 3, au chini ya hapo. Hapa ndipo ninapoomba unisikilize zaidi, kwa sababu tumewafanya watoto waone kwamba pasipo shahada hapana kitu. Mwenye prinsipo moja na S moja kwa kawaida anaweza kuomba stashahada, yaani diploma, na akiimaliza kwa wastani wa GPA 3.0 anaweza kuomba shahada kwa njia hiyo. Miaka inakuwa mingi zaidi, ni kweli. Lakini anaingia chuo kikuu akiwa na mikono inayojua kazi, na kama pesa zikikatika njiani ana cheti kinachomlisha. Yule kijana wako wa Daraja la Tatu, ikiwa hajafanya lolote mpaka leo, njia yake ndiyo hii na bado haijafungwa.

Mahali pa kwenda papo, na vijana wa Pemba wengi hawapajui kwa majina. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko Mbweni, Unguja, inasomesha uhandisi wa ngazi ya kati. Kilichokuwa chuo cha utalii pale Maruhubi na kilichokuwa chuo cha kilimo pale Kizimbani siku hizi vyote viko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Chuo hicho hicho kina kampasi hapa hapa Pemba, Mchangamdogo, iliyopewa jina la Benjamin Mkapa. Mtoto wa mvuvi anayeipenda bahari asiambiwe achague baina ya shahada na ngarawa ya baba yake, kwani kuna mafunzo ya uvuvi Mbegani, Bagamoyo, na kuna Chuo cha Bahari Dar es Salaam kwa anayetaka kufanya kazi melini. Kila siku tunasikia uchumi wa buluu, uchumi wa buluu. Basi watoto waelezwe pia mlango wake uko wapi.

Na usiruke mafunzo ya amali, yaani ya ufundi. Kuna kituo Vitongoji, na kingine Daya, Mtambwe, hakiko mbali na kwenu. Najua inavyosemwa mitaani, kwamba amali ni ya walioshindwa. Mimi sikubaliani na maneno hayo hata kidogo, na nakuomba usiyaache yapite darasani mwako. Nyumba zinajengwa kila kona ya Unguja, hoteli zinafunguliwa, na fundi umeme mwenye cheti na mwenye adabu hakosi kazi. Muite mmoja aje azungumze na vijana, wamuulize analipwaje na alianzaje. Akiwa ni kijana aliyewahi kusoma skuli hiyo hiyo, bora zaidi.

Wenye alama za juu kabisa katika Hisabati nao waambie kuhusu tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililofunguliwa Unguja mwaka 2023, linalosomesha sayansi ya data na akili bandia. Hilo lina mtihani wake wa kuingilia na usaili, kwa hiyo anayelitaka aanze kujiandaa mapema.

Nije kwenye vyeti. Kisa cha yule msichana aliyekosa mkopo kimeniuma, kwa sababu ni jambo la kutatuliwa mapema ofisini, na limemla mwaka mzima. Kwa hili usingoje. Wiki ijayo kila mwanafunzi aje na cheti chake cha kuzaliwa, na wewe uwe na orodha ya majina kama yalivyosajiliwa kwenye mtihani wa Kidato cha Nne. Someni herufi kwa herufi. Khamis na Hamis ni mtu mmoja kwa mama yake, kwenye kompyuta ni watu wawili. Mwanaisha na Mwanaasha vile vile. Mwengine cheti kina jina la babu, mtihani una jina la ukoo. Mwengine hana cheti kabisa, kazaliwa nyumbani kijijini na hakuna aliyekwenda kumsajili. Tofauti zote hizo huanzia kwa sheha na kuishia kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na zinaweza kuchukua muda. Zikianza sasa zitakuwa zimekwisha Julai. Zikianza Julai, dirisha la mkopo litafungwa na mtoto yuko kwenye foleni.

Wenye kuomba mkopo vyeti vyao vya kuzaliwa huhakikiwa na Wakala huo. Aliyefiwa na baba au mama anatakiwa awe na cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Hili liulize kwa upole na faragha, mtoto mmoja mmoja. Ziko nyumba ambazo baba alikufa miaka mingi nyuma, akazikwa, ikasomwa hitima, na hakuna aliyefikiria karatasi. Mama atalia kidogo ukimwambia. Msaidie, mwandikie anuani ya ofisi, ikiwezekana kijana wa kiume wa nyumba hiyo aende naye.

Kila mmoja pia awe na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi akishafika umri, awe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake na barua pepe anayoikumbuka neno lake la siri. Yanaonekana madogo. Lakini mwanafunzi akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa athibitishe anakwenda wapi kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yake, na siku zake ni chache. Namba ikienda kwenye simu ya kaka aliyeko baharini, nafasi inapotea. Aiandike na namba yake ya mtihani ya Kidato cha Nne mahali pa salama, maana ataulizwa kila anapoomba.

Juu ya pesa, wazazi waelezwe kwamba ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Tanzania. Masharti hutangazwa kila mwaka na hubadilika, kwa hiyo yasomwe ya mwaka huo, yasichukuliwe ya mdomoni. Mkopo ni deni, utakatwa kwenye mshahara. Jengine ambalo watu hawalisemi ni kwamba hata aliyepata mkopo kamili hapewi pesa siku anayoteremka boti. Kuna wiki za mwanzo za nauli, kodi ya chumba, godoro, chakula na kusajiliwa, kabla posho haijaingia. Hizo ndizo zinazowarejesha watoto nyumbani. Hapa msimu wa karafuu unaweza kusaidia ikiwa familia itakubaliana mapema. Kijana akichuma, sehemu ya pesa yake iwekwe kando kwa ajili ya wiki hizo, isiingie yote katika kuezeka nyumba. Wasichana walioko kwenye mwani wapewe haki hiyo hiyo. Mara nyingi jasho la msichana linahesabiwa ni la nyumba, na la kaka yake ni lake.

Nimefika kwa baba wa yule msichana wa PCB. Mtu aliyekujibu kwa heshima namna ile hajafunga mlango. Nenda kwake tena, nenda na mwalimu wa kiume mwenye umri, na ukifika usianze kumsifia mtoto, hilo analijua. Muulize anachokiogopa hasa ni nini. Ikiwa ni pesa, zungumzeni mikopo. Ikiwa ni mtoto kukaa na watu asiowajua, zungumzeni dakhalia, yaani bweni la wanafunzi, na jamaa. Yeye kasema "karibu", na udaktari unasomeshwa Unguja, kwenye skuli ya afya ya SUZA iliyopo Mbweni, pamoja na uuguzi. Hapo hapana haja ya kwenda Dar es Salaam. Pengine yuko dada yake au mjomba wa mtoto anayeishi Fuoni au Mwanakwerekwe, basi mhusishe. Mara nyingi baba akisikia mtoto atalala nyumba ya ndugu, nusu ya khofu inaondoka. Na msichana mwenyewe mwandae kwa fani ya pili na ya tatu za afya, kwa sababu udaktari unagombewa sana na hutaki mlango mmoja ukifungwa baba aseme, "Si nilikwambieni?"

Yule aliyeandika "naolewa" usimkemee wala usimwonee huruma mbele ya wenziwe. Zungumza naye peke yake. Ujue kwanza kama ndoa ni yake au ya watu wengine. Ikiwa ameitaka, muulize kama jambo la kusoma limetajwa kwenye posa. Ziko familia zinazoweka sharti kwamba binti ataendelea na masomo, nalo likisemwa mbele ya wazee kabla ya nikaha lina uzito ambao baadaye halitakuwa nao. Ikiwa hakuitaka, hapo suala limetoka kwenye ushauri wa chuo. Mwone mwalimu mkuu na wanaohusika na ustawi wa watoto, wala usilibebe peke yako.

Wale watatu wa biashara waulize swali moja tu, wauze nini na wamuuzie nani. Mwenye jibu msaidie, asiye na jibu arudi kwenye hesabu za stashahada na amali kama wengine.

Yule wa karatasi tupu ndiye ninayemfikiria zaidi. Mtoto anaposema "Mungu akijaalia" huwa kasema kweli, na huwa mara nyingine kafunika jambo. Inawezekana anajua nyumbani hakuna hata nauli ya kwenda Chake Chake, na anaona kuandika ndoto ni kujidhalilisha. Usimuulize tena anataka kuwa nani. Muulize Jumamosi iliyopita alifanya nini. Pengine alikwenda kuvua, pengine alitengeneza baiskeli ya jirani, pengine aliwasomesha watoto katika chuo cha Kurani. Anzia hapo, kwenye kitu anachokifanya tayari na watu wanamwamini, kisha mtafute pamoja kinaweza kumfikisha wapi. Mueleze na JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, maana huko kuna vijana wa Kizanzibari waliopata nidhamu, ufundi na mwanzo wa maisha, na kwa aliyekosa mtu wa kumshika mkono si jambo dogo.

Wazazi waite mara moja, kabla ya mtihani, na siku isiyo ya kazi nyingi shambani. Ila kumbuka kwamba anayekuja kikaoni siye kila mara anayetoa pesa. Muulize kila mwanafunzi, "Nani nyumbani kwenu akisema ndiyo, inakuwa ndiyo?" Wakati mwengine ni kaka aliyeko Oman, au dada anayefanya kazi hotelini Kiwengwa, au mjomba. Huyo mpigie simu. Dakika chache za simu na mtu huyo zitakufaa kuliko saa mbili za kikao. Kikaoni wafundishe ile hesabu ya pointi, na kila mzazi aondoke na karatasi ya mwanawe yenye yale matatu: mazuri, ya kati, mabaya.

Ama mwalimu mwenzako, usigombane naye. Silabasi maliza, umalize vizuri, asikukute na kosa. Halafu mwombe saa moja ya wiki ya vipindi vyako vya mwisho na umwalike akae. Mtu mzima aliyesomesha miaka mingi anajua watoto wangapi aliowapoteza njiani. Huenda akawa wa kwanza kukusaidia kusoma vyeti.

Baki jambo la Julai. Matokeo yakitoka, chumba chako kiwe wazi siku hiyo na siku mbili zinazofuata, na wajue tokea sasa kwamba kitakuwa wazi. Waliofaulu watakuja wenyewe, na wahimize waombe katika awamu ya kwanza, moja kwa moja kwenye mifumo ya vyuo, wasimpe pesa mtu yeyote anayedai ana njia ya kuwapatia nafasi. Walioanguka hawatakuja. Hao watume wenzao wawafuate. Wana karatasi zao zenye mpango wa matokeo mabaya, mlioandika pamoja wakiwa bado hawana aibu ya kitu, na humo kuna Vitongoji, kuna Daya, au kuna kurudia mtihani Mei ijayo kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa yule ambaye kweli aliugua au alifiwa mwaka huo. Mkae muisome upya, mupange tarehe ya kwenda kujiandikisha, na ikiwezekana siku hiyo aende na mwenziwe.

Maalim